Kelele Nyuma ya Kiti Changu

Mimi hutengeneza friji. Hiyo ndiyo kazi iliyonilea hapa Masasi tangu nikiwa kijana, na kazi ya friji ni kazi ya masikio. Mtu anakuletea friji yake juu ya mkokoteni, anaanza kukusimulia maneno mengi, iliharibika lini, nani aliigusa, mimi namwambia ngoja kwanza, nachomeka umeme, nainamisha kichwa. Kompresa inayokufa ina mlio wake. Feni iliyolegea ina wake. Niliwahi kumwambia mwenye baa mmoja, nikiwa nimesimama mlangoni kwake na soda mkononi, kwamba friji yake ya nyuma haifiki Jumapili, na kweli haikufika. Basi nikaota kiburi. Mtu mwenye kiburi cha masikio akisikia mlio asioujua anaona ametukanwa, na gari langu lilinitukana karibu mwaka mzima.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, la mtumba kutoka Japani. Nililinunua linibebee mitungi ya gesi na vifaa vyangu, lakini mwaka huo kazi yake kubwa ilikuwa mama mkwe. Mama yake mke wangu anaishi Kitangari, kule juu, upande wa Newala. Ana sukari ya siku nyingi. Akiwa shambani anaokota korosho alijikwaa kwenye kisiki, kidole gumba cha mguu wa kulia kikachanika, na kidonda kikagoma kupona. Daktari alituambia bila kuzunguka: kidonda kikisafishwa na kuangaliwa kila kliniki bila kuruka, mguu utapona, kikiachwa, mguu utakatwa. Tena mgonjwa anywe maji kwa wingi. Newala hospitali ipo, lakini mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, na alitaka mama yake atibiwe mahali ambapo yeye anaweza kukimbia mara moja akitoka darasani. Nikasema sawa, gari lipo, nitakuwa namfuata. Nilisema kwa moyo mweupe, maana yule mama nampenda.

Nampenda, ila kukaa naye ndani ya gari ni kazi. Watu wa huku wanaelewa. Wa mbali niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hamli sahani moja, hamtazamani usoni, humwiti, hakuiti. Neno la lazima linapitia kwa mke au kwa mtoto aliye karibu. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, nawaona kwenye simu, hongera zao. Sisi hatukulelewa hivyo. Hata kulala nyumbani kwangu alikuwa hawezi, ndiyo maana ilibidi nimfuate asubuhi na kumrudisha siku hiyohiyo. Alikaa kiti cha nyuma, mgongoni kwangu kabisa, kanga kichwani, fimbo yake ya kutembelea katikati ya magoti. Mimi nilikigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu, nisije nikakutana na macho yake kwa bahati mbaya. Nilimwamkia shikamoo nimeangalia pembeni, akaitikia marahaba ameangalia pembeni, na maongezi yetu yakaishia hapo mpaka Masasi, ambako mke wangu alikuwa akitusubiri getini hospitalini.

Mara ya kwanza niliisikia kelele tukiwa tumeshaipita Newala mjini, tunaanza kuteremka. Ko. Ko-ko. Kavu, ya chini, kama kitu kinagonga sakafu nyuma ya kiti changu. Nikapunguza mwendo nisikilize vizuri; ikanyamaza. Nikakanyaga mafuta, ikarudi, ko-ko-ko, safari hii kwa haraka zaidi. Nikapunguza tena, kimya. Nikajisemea, ahaa, inafuata mwendo, basi hii ni ya tairi au ya ekseli. Nikasimama kando ya mikorosho nikafungua boneti, ingawa kelele ilikuwa nyuma. Mwanaume akisimamisha gari njiani lazima afungue boneti, ndivyo tulivyo. Mama naye akashuka, akajikongoja na fimbo yake akapotelea kwenye mikorosho kunyoosha miguu, nami kwa heshima nikazamisha kichwa kwenye injini mpaka niliposikia mlango wa nyuma umefungwa. Tukaondoka. Kelele haikusikika tena mpaka hospitalini. Nikamwambia mke wangu gari lilikuwa limepata joto, limepumzika limepona.

Safari iliyofuata ikarudi. Siku nyingine ilianza kabla hata hatujafika Newala, siku nyingine ikasubiri tumeshashuka bondeni, siku nyingine ikaja wakati wa kumrudisha. Kwa kuwa Kitangari maji ni shida, kila nilipompandisha nilimbebea madumu ya maji kwenye buti, nikadhani labda ni madumu yanagongana. Nikayafunga kwa mipira ya baiskeli, yakakaa kama maiti. Wapi. Ko-ko. Na kila niliposimama nikafungua boneti, tukiondoka hakuna kitu tena. Hilo ndilo lililonichanganya. Nimeona mashine nyingi katika maisha yangu, sijaona mashine inayopona kwa kutazamwa.

Nikalipeleka gereji. Fundi wangu wa magari ni rafiki yangu wa siku nyingi, mikono mizuri, mdomo mrefu. Akaligonga gonga kwa chini, akasema bushi zimekwisha. Tukaweka bushi mpya. Kelele ikaendelea. Akasema basi ni shokapu. Tukaweka shokapu. Kelele ikaendelea. Tukalichukua tukaenda nalo njia ya Chidya, kwenye mashimo yale, mimi naendesha, yeye amelala kifudifudi kiti cha nyuma, sikio ameliweka sakafuni. Twende, turudi, twende, turudi. Gari limetulia kama maji mtungini. Alipoinuka shavu lote limejaa vumbi, akaniambia kelele hiyo imo kichwani mwangu, uzee umeingia, nikapimwe. Nikamwambia akapimwe yeye, tena akili. Tukanuniana siku kadhaa kama wake wenza.

Shule zilipofungwa, mke wangu akawa anapanda nami kwenda kumchukua mama yake. Wakakaa wote wawili nyuma wakizungumza Kimakonde chao taratibu. Mara kwa mara mke wangu aliniambia nisimame, nikasimama, wakashuka wakarudi, tukaendelea. Likizo nzima kelele haikulia hata mara moja. Ningekuwa na akili ningejiuliza. Badala yake nilikwenda gereji kifua mbele, nikamwambia rafiki yangu nimeipata: gari likiwa na uzito nyuma linatulia, likiwa jepesi linagonga. Akafikiri, akakubali, akasema hata yeye alikuwa anaelekea hukohuko. Tukapatana siku hiyo. Shule zilipofunguliwa nilipakia magunia ya mchanga kwenye buti, nikapanda nayo mlima mzima mpaka Kitangari, injini inalia kwa uchungu, nikiwa na uhakika kwamba nimemaliza kazi.

Siku hiyo ndiyo siku ninayotaka irudi. Nimeshamwomba Mungu vitu vingi, lakini ningepewa siku moja tu ya kurudia, ningeomba ile, na nisingeomba hata siku nzima. Kipande cha barabara kingetosha.

Kelele ilianza mapema, hatujafika hata Newala. Sikuamini. Ko-ko. Nikakaza meno nikasema nitaipuuza. Tukapita mjini, tukaanza mteremko, ikazidi. Ko-ko-ko, inanyamaza kidogo, ko-ko-ko-ko. Nilikuwa na mteja ananisubiri Masasi, samaki wake wanaoza, nilikuwa sikulala vizuri, nilikuwa nimechoka na bushi na shokapu na magunia ya mchanga. Hasira zangu ni za moto wa makuti, zinawaka zote mara moja. Nikaupiga usukani kwa kiganja nikapayuka, "Nyamaza wewe! Umenichosha! Nyamaza!"

Ikanyamaza.

Haki ya Mungu, nilicheka. Nilicheka peke yangu pale kwenye usukani kwamba gari limesikia. Nilingoja irudi, haikurudi. Sikusimama mahali popote, nikalipeleka moja kwa moja mpaka Masasi, kimya, barabara nzima.

Hospitalini mama alichelewa kushuka. Mke wangu aliinama mlangoni kwake muda, wakanong'ona, kisha akavua kanga yake ya juu akamfunga mama yake kiunoni. Nilipokwenda kufunga mlango nikakuta kiti kimelowa na chupa yake ya maji ya kunywa imelala pale haina kifuniko. Mke wangu akaniambia mama amemwagikiwa na maji. Nikasema si kitu, maji hukauka. Nikafungua vioo, nikakimbilia samaki wa watu.

Kliniki iliyofuata mama hakuja. Alimpigia mke wangu simu asubuhi, mimi nimeshawasha gari, akasema nisijisumbue, kidonda kinaendelea vizuri, anaweka dawa mwenyewe. Mke wangu akambembeleza, akagoma. Nyingine tena akasema ana mafua. Nyingine akasema gari la mkwe wake ni bovu, amelisikia, lisije likamtia mwenzie kwenye matatizo kwa ajili yake, likitengenezwa atakuja. Na hapo mimi nikaingia kwa miguu yote miwili. Nikamwambia mke wangu, kumbe hata mama anaisikia! Mnaniona mimi kichaa, haya, shahidi huyo. Mke wangu alitaka tumfuate hivyohivyo, hata kwa gari la kukodi, maana kidonda hakisubiri. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anipe muda kidogo tu nilimalize gari hili, mama mwenyewe amesema atakuja likishapona. Alinikubalia. Nilimzoesha kuniamini kwenye mambo ya mashine.

Gari likaingia gereji, likavuliwa kila kitu. Tulitoa viti vyote, tukang'oa zulia la sakafu, tukafungua hata milango. Tulikuta pipi, tukakuta hela za chenji za Kijapani, tukakuta kitana. Rafiki yangu akakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Nilikuwa nafunga duka langu mapema kwenda kusimama pale, na nasema kweli, nilikuwa na raha. Nilijihisi mtu anayehangaikia familia yake.

Siku waliyopiga simu kutoka Kitangari kwamba mguu umekuwa mweusi na mama anaongea maneno yasiyoeleweka, gari langu lilikuwa juu ya mawe, halina hata kiti cha dereva. Tulikodi gari la jirani. Mama alilazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mwanawe, nami nikaketi mbele kwa dereva wa watu. Walimkata chini kidogo ya goti. Daktari alisema tungemleta mapema kingeondoka kidole, labda viwili. Alisema kwa upole, hakumlaumu mtu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Niliambiwa siku ya tatu au ya nne, fahamu za mama zilipokuwa zimerudi vizuri. Nilikuwa kwenye benchi la nje ya wodi, nimeleta uji. Mke wangu alitoka ndani na beseni la kuogeshea, akaliweka chini, akakaa kando yangu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini alikuwa halii tena.

Akasema, "Mama ananituma nikuombe radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa kukugongea njiani. Anasema alijua inakukera, lakini sukari hii mkojo ukimbana haumpi nafasi. Alikuwa anagonga fimbo ili usimame. Na siku ile ulipomwambia anyamaze, alinyamaza."

Sikumwelewa. Nakumbuka nilimwambia, hapana, mimi nililiambia gari. Kisha akaniuliza, pale nyumbani Kitangari maji yako ya kuoga yakiwa tayari, huwa unajuaje? Nikasema, anagonga ndoo kwa kata. Nilijibu bila hata kufikiri, maana miaka yote ya ndoa yangu ndivyo nilivyoitwa kwenye maji na chakula katika mji ule. Akigonga ndoo, ni maji. Akigonga kikombe kwenye sinia, chakula kimewekwa, ameshaondoka, njoo ule. Sijawahi kuuliza ile ni nini. Nilikuwa naisikia nikiwa chumbani, naamka, naenda. Na yeye, maskini, alipobanwa ndani ya gari, alitumia lugha ileile aliyojua kwamba naijua. Nilipopunguza mwendo akaacha kugonga, akijua nimesikia natafuta mahali pazuri. Nilipoongeza mwendo, sijui alifikiria nini juu yangu. Nilipofungua boneti aliona mkwe wake ana adabu sana, anajificha uso ili yeye aende kichakani kwa nafasi.

Ile chupa ya maji aliimwaga mwenyewe. Hilo mke wangu aliniambia mwisho, kwa sauti ya chini, akiwa ameshalibeba beseni. Mama mzima, bibi wa wajukuu, alijilowesha kwenye gari la mkwe wake, akamwaga maji yake ya kunywa juu yake ili isijulikane. Baada ya hapo angepandaje tena? Mimi ningekuwa yeye nisingepanda. Ningeukalisha mguu nyumbani uoze.

Rafiki yangu wa gereji alipokuja kumwona mgonjwa nilimsimulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani. Alikaa, akasugua mikono, akasema atarudisha viti kesho. Wapo wengine niliowasimulia, ndugu wa Dar es Salaam hasa, walioniambia mila hizi ndizo zinazotumaliza, tuziache. Niliwakasirikia, na mpaka leo nawakasirikia. Yule mama hakukaa kimya. Aliongea na mimi safari baada ya safari, kwa heshima, kwa namna ambayo mtoto wa miaka mitano wa Kitangari angeielewa, na mimi nikampelekea maneno yake fundi ayafungue kwa spana. Hiyo si mila. Huyo ni mimi.

Nilimwomba radhi kupitia kwa mke wangu, kama inavyotakiwa. Jibu likaja kwa njia hiyohiyo: hakuna ubaya, baba alikuwa amechoka. Nilitamani anitukane. Nilikaa na jibu lile nikashindwa pa kuliweka, nikalala nalo, nikaenda nalo kazini, nikafungua friji za watu na kuzifunga bila kusikia kitu.

Kidonda cha pale walipokata kilipokauka tulimrudisha kwao, na sasa namfuata tena kwa ajili ya kliniki. Mke wangu aliomba ruhusa shuleni, siku za kliniki anakuwa naye nyuma. Safari ya kwanza, tumeipita Newala tu, nikasimama. Sikungoja kuambiwa na mtu. Nikashuka, nikaenda mbali kabisa upande wa pili wa barabara, nikawapa mgongo, nikangoja. Sikusikia mlango kufunguliwa. Nikarudi, tukaenda kidogo, nikasimama tena mahali penye vichaka vizuri zaidi. Nikashuka tena. Kimya. Mara ya tatu nilisimama katikati ya mteremko, palepale nilipopayuka siku ile, nikabaki nimeshika usukani, sijui nishuke au nifanye nini, na machozi yananitoka, mtu mzima na mvi zangu.

Hapo ndipo mama mkwe akasema na mimi. Si kwa mke wangu, kwangu mimi. Katika miaka yote hiyo, ukiacha marahaba, lilikuwa neno lake la kwanza kwangu, na alilisema taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzie wasiwasi.

"Baba, twende tu. Sijanywa maji tangu jana."